Kabla hujatupa boksi la mwanao

Binti wa kidato cha pili aliletwa kliniki na mama yake, ncha za vidole zimechanika na zinamuwasha usiku hadi halali, kope zimevimba. Walikuwa wamehangaika miezi miwili. Jirani alisema ni fangasi. Duka la dawa liliwauzia tyubu tatu za ile krimu yenye dawa za kila aina ndani yake. Mama alikwishabadilisha sabuni ya unga, kisha sabuni ya kuogea. Nami, nakiri, siku ya kwanza niliandika kwenye faili kwamba tatizo ni sabuni, nikampa krimu na kumwambia apumzike kufua kwa mikono.

Alirudi baada ya wiki tatu, hali ileile. Safari hii nililitazama begi lake la shule. Kwenye zipu kilining'inia kiholda cha funguo kinachong'aa kama kioo, na ndani yake mchoro wa mchezaji wa timu anayoishabikia, jezi nyekundu, namba mgongoni. Nikamuuliza amekinunua wapi. Akamtazama mama yake, kisha akatazama sakafu.

"Nimetengeneza mwenyewe, dokta."

Mama hakuwa na habari. Miezi kadhaa nyuma, baba alifungua daftari la hesabu akakuta limejaa wachezaji na wahusika wa katuni za Kijapani. Akachukua boksi zima la rangi na karatasi, akalitupa. Binti hakuacha. Kazi aliihamishia usiku, mlango na dirisha vimefungwa, yeye ndani ya chandarua, na taa ndogo ya kukaushia kucha aliyopewa na shangazi mwenye saluni. Chupa ya resini ililala chini ya godoro. Viholda aliwauzia wenzake shuleni, shilingi 2,000 kimoja. Glavu hakuwa nazo, na hata angezipata, angezificha wapi?

Kwa asiyeijua, resini ni kimiminika kizito kama asali, ambacho hugeuka kuwa plastiki ngumu inayopitisha mwanga. Ipo ya chupa mbili zinazochanganywa, na ipo ya chupa moja inayokauka kwa taa. Vijana wanaipenda kwa sababu mchoro uliotiwa humo unaonekana kama kitu cha dukani. Ikikauka sawasawa haina shida kubwa, hivyo usiogope kiholda ulichopewa zawadi. Shida ni ikiwa bado majimaji au inanata. Ile ya taa ina kemikali ziitwazo akrileti, ndugu wa zile za kucha za jeli. Zikigusa ngozi mara kwa mara, kinga ya mwili inaweza kuzisajili kama adui. Mtu anaweza kufanya kazi nazo kwa wiki au miezi bila hata kipele, kisha siku moja vidole vikaanza. Tena mwasho mara nyingi huja siku moja au mbili baada ya kugusa, kwa hiyo si rahisi mzazi kuunganisha mambo hayo mawili. Kope zinavimba kwa sababu mkono wenye kemikali unapikicha jicho, na ngozi ya pale ni nyembamba.

Mzio wa namna hii ukishaingia, kwa kawaida hautoki. Binti aliacha, ngozi ikapona. Likizo akajaribu tena kwa siri, na baada ya siku mbili vidole vilikuwa vilevile. Resini kwake imekwisha. Kucha za jeli pia, na akienda kuziba jino anapaswa kumwambia daktari wa meno kabla, kwa sababu baadhi ya dawa za kuzibia zina kemikali za jamii hiyo. Ana miaka 15.

Namwelewa baba, mtihani wa kidato cha pili si mchezo. Lakini marufuku yake haikuzuia mchoro hata mmoja. Ilifunga dirisha, ikaondoa jicho la mtu mzima, na ikamfanya mtoto anyamaze mbele ya daktari kwa miezi miwili huku akipakwa dawa za fangasi asizozihitaji. Hilo ndilo linaloniuma kuliko vipele vyenyewe.

Na tusidhani kuchora ni upuuzi. Mwaka 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Drexel, Marekani, waliwapa watu wazima 39 dakika 45 za kuchora, kufinyanga na kubandika watakavyo, wakawapima kiwango cha kotiso, homoni inayopanda mtu akiwa na msongo. Kwa takribani robo tatu yao ilishuka, na hawakutofautiana waliozoea sanaa na wasioijua. Ni utafiti mdogo, na wa watu wazima, sitautia chumvi. Ila ninaona vijana wengi wenye maumivu ya kichwa na kukosa usingizi wasio na kitu chochote cha kufanya kwa mikono isipokuwa kusogeza kioo cha simu. Huyu alikuwa nacho.

Kwa hiyo mzazi, ukilikuta boksi, kaa naye kwanza akuonyeshe. Mpangie muda, saa moja baada ya masomo, mezani, dirisha wazi. Kwa maoni yangu mtoto wa shule ya msingi asiguse resini kabisa. Apewe shanga, mbao, vipande vya kitenge, au mchoro wake upelekwe steshenari ukafanyiwe lamenesheni na kutobolewa tundu. Mkubwa anayetumia resini avae glavu za nitrili. Zile nyeupe za mpira zinapitisha kemikali hizi haraka, na hata za nitrili zikidondokewa avue mara moja avae nyingine. Ikimgusa, anawe kwa sabuni na maji, asipanguse kwa tina wala asetoni, maana vinaitawanya na kuikausha ngozi. Akisugua kingo kwa msasa, avae barakoa na aulowanishe. Supaglu isimwagikie nguo ya pamba, kwani inapata joto la kuunguza. Ikiingia jichoni, usivute kope: suuza kwa maji ya uvuguvugu mwende hospitali. Na shanga, pete za chuma na sumaku zikae mbali na mdogo wake anayetambaa.

Sisi madaktari nasi tuna deni. Tunauliza sabuni, mafuta, chakula. Swali la "mikono yako inafanya nini ukitoka shule?" halimo kwenye fomu zetu, nami nimeanza kuliuliza baada ya binti huyu, mzazi akiwa ametoka nje kidogo. Kipimo cha kubandika kemikali mgongoni ili kumjua mkosaji hakipatikani kila hospitali, basi maelezo yako ndiyo kipimo chetu. Ukija na mtoto mwenye vidole vinavyowasha, njoo na chupa yenyewe ikiwa imefungwa vizuri, au piga picha maandishi yake yote, hata yale madogo ya nyuma.