Filamu za Kusisimua na Hadithi za Kisayansi: Nani Anawafafanulia Watoto Wetu?





Kila likizo ya shule inapofika, swali hili hurudi katika familia zetu za Nyamirambo, Biryogo na mitaa mingine ya Kigali: je, yafaa kumwacha kijana wa Kiislamu asome riwaya za upelelezi na kutazama filamu za majasusi, maroboti na vyombo vya angani? Wapo wazazi wanaokataa moja kwa moja, kwa hoja kwamba hayo ni mambo ya uongo na upotezaji wa wakati. Na wapo wanaoruhusu kila kitu, almuradi mtoto yuko nyumbani na ametulia.

Sisi tunaona pande zote mbili zinaliacha jambo kubwa zaidi. Hadithi hizi zina raha yake na zina faida yake, na hatuoni aibu kusema kwamba tunazipenda. Kinachotutia wasiwasi ni kwamba mtoto wa leo anazitazama peke yake.

Zamani palikuwa na mtu katikati

Waliokuwa vijana hapa mjini katika miaka ya 2000 wanakumbuka vibanda vya video na filamu za agasobanuye. Neno lenyewe ni la Kinyarwanda, lina maana ya kitu kilichofafanuliwa. Filamu ilikuwa ya Marekani, ya China au ya India, lakini juu yake ilisikika sauti ya mtu wa kwetu akieleza kwa Kinyarwanda nani anasema nini, kwa nini amekasirika, na huyu anayejificha nyuma ya mlango ni nani. Aliyejulikana sana kwa kazi hiyo ni Nkusi Thomas, ambaye wengi walimwita Yanga. Alifariki mwaka 2022, na waliokulia kwenye sauti yake walimlilia kama jamaa yao.

Jambo hili halikuwa la Kigali tu. Dar es Salaam watazamaji walimjua Lufufu aliyefasiri kwa Kiswahili. Kenya wanamjua DJ Afro. Kampala mfasiri wa filamu huitwa VJ, na Waganda wamezoea sauti hiyo kiasi kwamba filamu yao ya mapambano ya mwaka 2010, Who Killed Captain Alex?, iliyotengenezwa mtaani Wakaliga na Nabwana I.G.G., ilipata sifa duniani ikiwa na kelele na utani wa VJ Emmie ndani yake.

Hatusemi wafasiri hawa walikuwa walezi. Kazi yao ilikuwa kuchekesha na kuuza, na mengine waliyosema hayakufaa masikioni mwa watoto. Lakini angalieni jinsi mambo yalivyokuwa: kati ya filamu na mtazamaji alikuwepo mtu. Tena watazamaji walikaa pamoja benchi moja, wakabishana, wakacheka, na mtoto aliyeogopa alimwona wa pembeni yake hakuogopa.

Leo kijana wa miaka kumi na miwili ana simu mkononi na vipokea sauti masikioni. Amejifunika blanketi, saa tano usiku. Hakuna wa kumweleza, hakuna wa kubishana naye, wala hakuna anayejua ameona nini. Hili ndilo tunalotaka wazazi walifikirie kabla ya kuuliza halali au haramu ya hadithi yenyewe.

Je, hadithi za kubuni si uongo?

Sisi si mamufti na hatutoi fatwa. Wanazuoni wamezungumzia suala hili na wana maelezo tofauti, na mwenye shaka amwulize sheikh anayemwamini. Tunalosema ni la kawaida tu: mwongo hutaka umsadiki, lakini msimulizi wa hadithi hukwambia mapema kwamba anasimulia. Bibi zetu wa pwani waliposema "Paukwa!" na sisi tukajibu "Pakawa!", hakuna aliyedanganyika.

Na historia ya Waislamu haikuwa ngeni kwa hadithi za namna hii. Ibn Tufayl, tabibu na mwanafalsafa wa Andalusi aliyefariki mwaka 1185, aliandika kisa cha Hayy bin Yaqdhan, mtoto aliyelelewa na paa katika kisiwa kisicho na watu, akakua akichunguza maumbile mpaka akili yake ikamfikisha kumtambua Muumba. Ibn al-Nafis, tabibu aliyeeleza jinsi damu inavyopita katika mapafu, naye katika karne ya 13 aliandika kisa cha kijana aliyekuwa peke yake kisiwani. Mwaka 1905 mwanamke wa Kiislamu wa Bengal, Rokeya Sakhawat Hossain, alichapisha hadithi iitwayo Sultana's Dream. Ndani yake kuna nchi inayoongozwa na wanawake wasomi, wanaopika kwa joto la jua na kusafiri angani. Miaka michache baadaye, mwaka 1911, mama huyo alifungua shule ya wasichana mjini Calcutta. Alianza kwa kuwaza, kisha akajenga.

Hata kisa cha kweli kina namna yake ya kumshika msikilizaji. Wengi wetu husoma Suratul Kahf kila Ijumaa. Mle mna vijana waliolala pangoni miaka mia tatu na tisa, na mna Nabii Musa (a.s.) akifuatana na mja mwema anayetoboa jahazi na kufanya mambo asiyoyaelewa, na sababu haielezwi mpaka mwisho. Hatulinganishi maneno ya Mwenyezi Mungu na riwaya, hasha. Tunasema tu kwamba Aliyetuumba anajua kuwa moyo wa binadamu husubiri kwa hamu kujua kilichotokea, na kwamba hamu hiyo si aibu.

Upelelezi na ubaya wa dhana

Chukueni mfano wa Muhammed Said Abdulla, Mzanzibari aliyezaliwa Makunduchi mwaka 1918. Riwaya yake Mzimu wa Watu wa Kale ilishinda shindano la uandishi la mwaka 1957-58, ikachapishwa mwaka 1960. Maiti inakutwa mahali penye mzimu, na watu wanatetemeka wakidhani ni kazi ya mizimu. Anakuja Bwana Msa na kiko chake, pamoja na rafiki yake Najum, anauliza, anapima, anaonyesha kwamba aliyeua ni mtu mwenye mikono na miguu. Mzazi anayehofia ushirikina atakuta riwaya hii inaubomoa.

Ndani ya hadithi ya upelelezi mna somo jingine, na sisi wa Rwanda tuna sababu ya kulishika kuliko wengine. Karibu kila mara, mtu wa kwanza kushukiwa hana hatia. Msomaji aliyekwisha kumhukumu moyoni kwenye ukurasa wa ishirini anaona haya kwenye ukurasa wa mia. Suratul Hujurat imetuonya tujiepushe na dhana, na ikatuamuru tuchunguze habari anayotuletea mtu mwovu kabla hatujawadhuru wengine. Katika nchi hii, mwaka 1994, wakati wa mauaji ya kimbari dhidi ya Watutsi, redio ya RTLM ilitangaza chuki na kutaja watu kwa majina, na wako waliosikia wakaenda kuua. Hatusemi riwaya ingezuia hayo. Tunasema mtoto anayezoea kuuliza "ushahidi uko wapi?" akiwa anacheza, atakuwa na swali hilo mdomoni siku atakapoletewa uvumi wa kweli.

Hadithi za kisayansi na ardhi yetu

Wahenga walisema, ukiona vyaelea vimeundwa. Na kabla ya kuundwa, viliwazwa. Tangu Oktoba 2016 ndege zisizo na rubani zimekuwa zikiruka kutoka Muhanga kupeleka damu hospitalini, zikiidondosha kwa mwavuli mdogo. Mzazi aliyezaliwa mwaka 1980 angeona jambo hilo kwenye filamu angecheka. Mwanawe analiona la kawaida kama pikipiki.

Waandishi na watengenezaji filamu wa kwetu wanaifanya kazi hii pia. Katama Mkangi wa Kenya aliandika Walenisi mwaka 1995: mtu anahukumiwa kufa kwa kurushwa katika chombo, lakini chombo kinamfikisha nchi yenye haki. Lisome jina la nchi hiyo polepole utaona linasema "wale ni sisi". Wanuri Kahiu, naye wa Kenya, mwaka 2009 alitoa filamu fupi ya Pumzi kuhusu dunia iliyokaukiwa maji. Na mwaka 2021 ilitoka Neptune Frost, filamu ya Saul Williams na Anisia Uzeyman iliyopigwa hapa hapa Rwanda, ambayo ndani yake husikika Kinyarwanda, Kirundi na Kiswahili. Inawahusu wachimbaji wa koltani, madini yanayoingia katika simu, pamoja na vijana wanaoishi katikati ya mabaki ya kompyuta. Hiyo ni ya watu wazima, na ina mambo ambayo wazazi wengi wasingependa watoto wayaone. Lakini swali lake ni la kila nyumba: simu hii tunayotazamia filamu, madini yake yametoka wapi, na nani aliyachimba?

Hofu si mchezo kwa kila mtu

Kuna jambo moja ambalo wanafunzi wetu waliozaliwa baadaye hawalijui mpaka waambiwe. Filamu ya kusisimua humpa raha mtu ambaye hofu kwake ni mchezo. Katika nyumba nyingi za Kigali yupo baba, shangazi au nyanya ambaye hofu hiyo aliiishi kweli. Akisikia mlio wa bunduki au kelele za mtu anayefukuzwa, akainuka na kwenda chumbani bila kusema neno, usimwite aje aone sehemu tamu. Zima. Na katika wiki ya maombolezo, inayoanza tarehe 7 Aprili, filamu za namna hii ziwekwe kando kabisa. Adabu hiyo ni sehemu ya malezi, na mtoto haipati kwenye simu.

Tunachowashauri

1. Mzazi atangulie. Soma kitabu au tazama filamu kabla ya mtoto, walau nusu yake. Riwaya za Elvis Musiba, kwa mfano, zinasisimua sana, na jasusi wake Willy Gamba anawapigania wakombozi wa kusini mwa Afrika. Lakini zina pombe na mambo ya wanawake, hivyo hazimfai mtoto wa shule ya msingi. Bwana Msa atamfaa kijana wa sekondari.

2. Kaeni pamoja, na mzazi awe ndiye agasobanuye wa nyumba. Simamisha filamu uulize: Je, huyu alikuwa na haki ya kulipiza kisasi? Kwa nini mwovu amepewa sura na lafudhi ya Mwarabu? Mashine hii ikitengenezwa kweli, nani ataumia? Maswali matatu ya namna hiyo yanatosha, msifanye sebule kuwa darasa.

3. Wakati uwe na mpaka. Hakuna filamu inayozidi swala, na riwaya nzuri inaweza kusubiri mtihani uishe. Usiku simu zilale sebuleni, pamoja na ya baba na ya mama.

4. Kitabu kitangulie filamu. Biryogo imesikika Kiswahili tangu enzi za ukoloni, na mwaka 2017 kilifanywa lugha rasmi ya nchi, lakini watoto wetu wengi wanakizungumza bila kukisoma. Riwaya moja ya upelelezi itawafundisha Kiswahili kuliko mazoezi kumi ya sarufi, kwa sababu watataka kujua muuaji ni nani. Familia tano zinunue vitabu vitano tofauti, kisha zibadilishane.

5. Wanafunzi, andikeni za kwenu. Muhanga yenye ndege za damu, Ziwa Kivu lenye gesi chini ya maji, vilima vya Kigali miaka mia ijayo: hakuna wa Hollywood atakayeviandika kama nyinyi. Andikeni kurasa mbili tu, mzisome kwa sauti nyumbani baada ya Isha.

Wazazi wenzetu, kumnyang'anya mtoto hadithi ni rahisi, na kumwachia zote ni rahisi zaidi. Kukaa naye ndiko kugumu, kwa sababu kunadai jioni yetu. Lakini asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu, na ulimwengu wa leo uko ndani ya kioo cha simu, chini ya blanketi, saa tano usiku.

Mwenyezi Mungu atujaalie watoto wenye akili zinazouliza na nyoyo zinazoogopa kudhulumu. Aamin.

Wassalaamu alaykum.