Ndege Itakushusha Kitale, Nzohe Utamfuata kwa Miguu

Wanaopanga safari za mbugani hunikatisha tamaa wanapozungumzia upande wetu wa Mlima Elgon. Kila mara hoja ni zilezile, na aliyezikubali huishia Maasai Mara hata kama moyo wake ulitaka kuja huku.

Husemwa kwamba asiyepanda ndege asijisumbue, kwa kuwa Kitale ni mbali. Ni mbali kweli: kama kilomita 380 kutoka Nairobi, siku nzima barabarani, ilhali kutoka uwanja wa ndege wa Wilson, Nairobi, ndege ndogo huchukua takribani saa moja. Mzee, au mtu mwenye siku mbili tu, apande ndege. Lakini Kitale si Mara, ambako ndege hutua ndani ya hifadhi na gari la kambi linakungoja kando ya kiwanja. Hapa unashuka karibu na mashamba ya mahindi. Lango la Chorlim la Mbuga ya Elgon liko karibu kilomita 27 zaidi, kupitia Endebess, na gari utalitafuta vilevile. Tena ndege hizo kwa kawaida hazikuruhusu zaidi ya kilo 15, katika begi laini. Mwenye nia ya kupanda hadi Koitoboss, mita 4,222, akipakia hema, blanketi na jiko, kilo zimekwisha kabla hajafikiria unga. Mzigo huohuo basi huubeba bila maneno mengi.

Hoja ya pili ndiyo inayoniuma zaidi: eti bila Land Cruiser huoni kitu. Nenda Saiwa. Ni mbuga ya taifa iliyo ndogo kuliko zote Kenya, kilomita tatu za mraba hivi, iliyotengwa mwaka 1974 hasa kwa ajili ya nzohe, yule swala wa kinamasi mwenye kwato ndefu zinazotanuka asizame matopeni. Humo ndani gari haliingii. Unaliacha langoni, unafuata njia za miguu na mbao zilizotandazwa juu ya maji, unapanda jukwaa la mbao, unanyamaza. Nzohe akishtuka hujitosa majini akabakiza pua tu. Kwenye miti ya kandokando utamwona kima wa De Brazza, mwenye ndevu nyeupe. Kutoka Kitale panda matatu ya Kapenguria, shuka njia panda ya Kipsaina, kisha bodaboda ikupeleke langoni. Sijui mbuga nyingine Kenya inayompokea hivi mtu asiye na gari, na ni dhuluma kumficha mgeni jambo hilo ili akodishe gari litakaloshinda chini ya mti.

Kuhusu Elgon yenyewe, hoja hiyo ya gari ina nusu ya ukweli. Mvua huku hunyesha mfululizo, tangu Aprili hadi Oktoba hivi, na barabara za udongo ndani ya mbuga huteleza vibaya. Miezi hiyo tafuta gari refu linalovuta kwa magurudumu yote manne. Kuanzia Desemba hadi Februari mambo hubadilika. Hata hivyo, hadi ndani ya pango la Kitum, ambamo tembo huingia usiku kuchimba chumvi kwa pembe zao, ni miguu tu, ukiwa na askari wa wanyamapori.

Wapo pia wanaosema kaunti jirani ya Bungoma ni kipande cha barabara ya malori ya Malaba. Webuye peke yake inatosha kuwajibu: maporomoko ya Nabuyole katika Mto Nzoia, na juu yake kilima cha Chetambe, ambako Wabukusu walijichimbia ngome na kupigana na jeshi la Waingereza mwaka 1895. Halafu Kimilili hadi Kapsokwony unapanda Elgon kwa upande wa kusini, ndani ya Bungoma.

Na matatu je, si hatari? Usiku, ndiyo. Anayeijua Salgaa, kipande cha barabara hiyo kinachojulikana kwa ajali, habishi. Ondoka Nairobi alfajiri ili jua likuchwee Kitale, ulale hapo au upige hema Saiwa kwenyewe, maana saa kumi na mbili asubuhi unatakiwa uwe juu ya jukwaa. Jua likishakuwa kali, nzohe amekwisha kurudi ndani ya mafunjo.