Hisa za elimu ya mtandao: wahesabiwe wanaomaliza

Mwekezaji mdogo anayetazama kampuni za elimu ya mtandao huonyeshwa kwanza hesabu moja, nayo ni idadi ya walioandikishwa. Ni hesabu kubwa, hupanda kila mwaka, na ndiyo hutangulia katika matangazo. Hata hivyo, mwenye duka hafungi mahesabu ya jioni kwa kuhesabu wapita njia waliochungulia dirishani.

Mfano ulio wazi ni wa kampuni ya Kimarekani ya 2U. Ilianzishwa mwaka 2008 na kuingia soko la hisa la Nasdaq Machi 2014 kwa bei ya dola 13 kwa hisa. Kazi yake ilikuwa kuviendeshea vyuo vikuu masomo kwa njia ya intaneti, yaani kutafuta wanafunzi, kutayarisha masomo na kusimamia mitambo, kisha kulipwa sehemu ya ada. Mwaka 2018 hisa moja ilikaribia dola 100. Novemba 2021 ilikamilisha ununuzi wa edX, mradi wa masomo ya mtandao ulioanzishwa mwaka 2012 na vyuo vya Harvard na MIT. Bei ilikuwa dola milioni 800, na sehemu kubwa ya fedha hizo ilikuwa mkopo.

Julai 2024 kampuni hiyo iliomba kinga ya mahakama dhidi ya wadai wake. Ilipomaliza shauri Septemba mwaka huo ilikuwa imeondoka sokoni na kuwa ya binafsi, na wenye hisa wa zamani hawakuambulia kitu.

Riba na gharama za kutafuta wanafunzi zilichangia anguko hilo. Lakini dalili moja ilikuwa imekwisha kuonekana mapema. Januari 2019 jarida la Science lilichapisha uchunguzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente wa MIT kuhusu masomo ya Harvard na MIT yaliyotolewa kupitia edX kati ya mwaka 2012 na 2018. Katika kila watu 100 walioandikishwa, 52 hawakuingia darasani hata mara moja. Katika mwaka wa masomo wa 2017-18, waliomaliza walikuwa takriban 3 katika kila 100. Kwa waliolipia cheti, waliomaliza walikuwa 46 katika kila 100.

Tofauti hiyo ya 3 na 46 ndiyo inayomhusu mfanyabiashara. Si kwamba malipo peke yake humfanya mtu asome, kwani aliyelipa huenda alikuwa na nia tangu mwanzo. Lakini inaonyesha kuwa soko halisi ni lile kundi dogo, na kwamba mamilioni ya majina yaliyobaki ni gharama kuliko mapato.

Funzo la pili linatoka kwa Chegg, kampuni nyingine ya Marekani, iliyokuwa ikiwauzia wanafunzi majibu na maelezo ya mazoezi yao. Februari 2021 hisa yake ilipita dola 113. Mei 2023 mkuu wake alikiri kwamba ChatGPT imeanza kupunguza wateja wapya, na hisa ikapoteza karibu nusu ya thamani kwa siku moja. Kufikia mwisho wa 2024 ilikuwa chini ya dola 2. Majibu yalikuwa ndiyo bidhaa, na mashine ikaanza kuyatoa bure.

Kwa hiyo, kinachouzika si somo lenyewe. Video za mhadhara na vitabu vya kusoma kwenye simu vimejaa kila mahali. Kisichonakiliwa kwa urahisi ni ule mpango wa kumfikisha mwanafunzi mwisho: masomo mafupi, mazoezi ya mara kwa mara, tarehe za kukabidhi kazi, mwalimu anayemfuatilia aliyesita, na mtihani ambao mwajiri anautambua.

Jambo hili si geni Afrika Mashariki. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, kilijenga vituo mikoani ili anayesoma akiwa mbali apate mahali pa kuuliza na kufanyia mitihani. Nchini Kenya, Eneza Education ilipeleka masomo na maswali kwa ujumbe mfupi kupitia mtandao wa Safaricom, kwa sababu mwanafunzi wengi waliyemlenga alikuwa na simu ya kawaida isiyo na intaneti. Wote walianza na hali ya mwanafunzi, teknolojia ikafuata.

Ni kweli kwamba mpango mzuri pia haumwondolei mwekezaji hatari. Duolingo, yenye masomo ya lugha ya dakika chache kwa siku, iliingia Nasdaq Julai 2021 kwa dola 102. Kampuni hiyo hutangaza idadi ya wanaosoma kila siku na ya wanaolipa: mwisho wa 2024 walikuwa zaidi ya milioni 40 na milioni 9.5. Mei 2025 hisa yake ilipita dola 500. Novemba mwaka huo ilishuka kwa takriban robo kwa siku moja, baada ya kampuni kusema itatanguliza kuongeza watumiaji kuliko mapato ya karibu. Bidhaa ilikuwa ileile. Walionunua kwa bei ya juu ndio walioumia.

Anayealikwa kununua hisa za namna hii, au kuchangia mtaji wa shule ya mtandao mjini kwake, hana budi kuuliza mambo matatu kabla ya kutoa fedha. Kati ya 100 walioanza mwaka jana, wangapi walimaliza? Kumpata mwanafunzi mmoja anayelipa kunagharimu kiasi gani, na analeta kiasi gani? Na je, anacholipia kinaweza kupatikana bure kwingine?

Mwenye biashara nzuri atakuwa na majibu hayo vitabuni mwake. Akirudia tu idadi ya walioandikishwa, fedha na zibaki mfukoni.