Meli Si Matatu, Haingoji Ijae

Kuna ushauri unazunguka huku mitandaoni na unaniudhi sana. Unasema ukienda safari ya meli ya kitalii, kata tiketi ya ndege ya asubuhi ya siku ileile meli inaondoka, uokoe pesa ya hoteli. Watu wanaupenda, wanauhifadhi, wanautumia mbogi nzima. Mimi nasema huo ushauri ni sumu, na anayekupa hatakuwa pale bandarini ukiachwa.

Msimamo wangu ni huu: fika mji wa bandari siku moja kabla. Siku yenyewe, nenda bandarini saa uliyopangiwa. Basi.

Shida yetu naijua. Sisi tumelelewa na matatu. Makanga anakwambia "imebaki mmoja tu," na huyo mmoja anachukua nusu saa. Ukiikosa hii, nyingine iko nyuma. Unawaambia wasee "niko kwa njia" na bado uko bafuni. Harusi inangoja, mkutano wa chama unangoja, hata mkubwa akichelewa mkutano wa hadhara, watu wanakaa juani wakimngoja. Sasa mtu anatoka na tabia hiyo hadi kwa meli ya abiria maelfu, akidhani nahodha atachungulia dirishani aseme, "Hebu tumpe dakika tano."

Hakupi. Rubani wa bandari wa kuitoa meli ameshapangwa. Boti za kuikokota zimepangwa. Gati lina ratiba yake. Orodha ya majina ya abiria lazima ifungwe kabla meli haijang'oa nanga. Ndiyo maana mapokezi hufungwa mapema, mara nyingi saa moja hadi saa moja na nusu kabla ya kuondoka. Tiketi ikisema 17:00, yaani saa kumi na moja jioni, usijidanganye una muda mpaka saa kumi na moja kasorobo. Ukifika hiyo saa utaiona meli, utaipiga picha poa sana, na hutaipanda.

Chukua safari ambayo vijana wengi hapa wanaiota: Durban. Tangu Januari 2023 Mkenya anaingia Afrika Kusini bila viza hadi siku 90, na kutoka Durban kuna meli zinazoshuka na kupanda pwani ya Msumbiji. Kwenye simu inaonekana rahisi. Sasa piga hesabu. Nairobi hadi Johannesburg ni kama saa nne angani. Ukitua unapanga foleni ya uhamiaji, na cheti cha homa ya manjano kiwe mkononi. Halafu unachukua begi lako, unapita forodha, unalirudisha tena kwa ndege ya Durban, kwa sababu mzigo unakaguliwa mahali pa kwanza unapoingia nchini. Halafu kama saa moja nyingine angani. Halafu uwanja wa King Shaka uko nje ya mji, kama kilomita 35 kutoka bandarini. Hizo hatua zote ziende sawa, kwa siku moja, kabla saa tisa mchana? Mimi niliacha chuo, lakini hesabu hii haihitaji digrii.

Na hapo sijataja kwetu. Novemba 2022 marubani waligoma, abiria wakalala uwanjani. Agosti 2023 umeme ulipotea karibu nchi nzima, JKIA ikaingia gizani. Septemba 2024 wafanyakazi wa viwanja vya ndege waligoma, safari zikakwama. Hakuna hata mmoja wa abiria hao aliyekuwa amechelewa kuamka. Walifanya kila kitu sawa na bado wakakwama. Siku ya ziada ni ya kukulinda na vitu kama hivyo, si kwa sababu wewe ni mzembe.

Lakini kinachonikasirisha zaidi ni hiki. Huo ushauri mara nyingi umenakiliwa kwa video za watu wa ng'ambo. Mmarekani akikosa meli yake anaweza kuruka hadi bandari inayofuata na pasi yake inamfungulia mlango. Wewe na mimi je? Kila nchi ni swali: viza iko? Ni ya kuingia mara ngapi? Ubalozi unafunguliwa lini? Na kwa hizo safari za Durban, kituo kinaweza kuwa Portuguese Island, kisiwa kidogo kisicho na uwanja wa ndege. Utaikimbiza meli na nini, mtumbwi?

Hata wenye pasi nzito wanateseka. Machi 2024 meli ya Norwegian Dawn iliacha abiria 8 São Tomé, Wamarekani 6 na Waaustralia 2. Walikuwa wametoka na ziara yao binafsi, wakachelewa kurudi. Walinzi wa pwani wa huko wakawapeleka kwa boti hadi kwenye meli ikiwa bado inaonekana pale baharini. Haikuwapandisha. Wakaifuata hadi Gambia, meli ikashindwa kutia nanga huko, mwishowe wakaipata Senegal. Hao walikuwa wameshapanda, nguo zao ziko vyumbani! Kama hao hawakuonewa huruma, wewe ambaye hujulikani hata sura utaonewa?

Najua mtakachosema kwa komenti: "Wewe unaongea tu, hoteli ni pesa." Sawa, ni pesa. Lakini ukikosa meli kwa kuchelewa, kwa kawaida hela yako hairudi. Kitanda cha hosteli usiku mmoja ukilinganisha na safari nzima ni kama kununua kifuniko cha simu. Mna chama, mmechanga mwaka mzima, mtu ameacha kununua viatu ili atume mchango wake. Halafu muweke hiyo jasho yote juu ya ndege moja ya asubuhi? Kama bajeti haitoshi usiku mmoja wa hosteli, basi safari bado haijaiva. Subirini miezi miwili, changeni tena, mwende kama watu. Na msiseme "tuna bima" kabla hamjasoma inahesabu kuchelewa kuanzia saa ya ngapi.

Tena angalia kampuni za meli zenyewe. Kuna Wakenya wengi wanaofanya kazi huko, waulize. Mfanyakazi anayeenda kujiunga na meli mara nyingi husafirishwa siku moja kabla na kulazwa hotelini. Wenye meli hawaiamini ndege ya siku ileile kwa mpishi wao. Wewe unaiamini kwa nini?

Na kuna wale wa upande wa pili, wa kufika bandarini saa moja asubuhi na masanduku. Tulieni. Asubuhi abiria wa safari iliyopita bado wanashuka na vyumba vinasafishwa. Ukijisajili mtandaoni unapewa saa yako, mara nyingi karibu na mchana. Fika saa hiyo. Pasi na tiketi ziwe kwa begi la mkononi, kwa sababu sanduku kubwa utaliacha mlangoni na utalipata chumbani baadaye.

Kwa hivyo kabla ya kulipa, fungua ratiba uangalie tarehe ya ndege na tarehe ya meli. Zikifanana, badilisha moja, na isiwe ya meli. Na kama kuna mtu kwa grupu yenu anasisitiza ya siku ileile, muulize mbele ya wote: tukiachwa, utaturudishia pesa zetu? Akinyamaza, mmeshapata jibu.