Tuzipeleke Posta Fedha za Vikundi Vyetu

Kama uko kwenye kikundi cha kuweka na kukopa, mkiite VICOBA, hisa au kwa jina lenu wenyewe, wito huu ni wako. Unakuhusu pia wewe uliye mjini, ambaye kila mwezi humtumia mama kijijini hela ya matumizi, na wewe diwani uliyewaomba kura wote hao.

Katika miji mingi ya wilaya, Posta bado iko pale pale ilipojengwa, jirani na ofisi za serikali, hatua chache kutoka sokoni. Kaunta ipo na mtumishi yupo. Wateja ndio wamepungua, kwa sababu barua zimehamia kwenye simu na vifurushi vingi vinapandishwa kwenye mabasi. Ofisi isiyo na wateja haina wa kuitetea siku bajeti inapobana.

Sasa twende kijijini siku ya kikao. Sanduku la chuma limewekwa katikati, lina kufuli tatu, na funguo ziko kwa watu watatu tofauti. Mwanachama anaitwa kwa namba yake, anasogea, anataja hisa anazonunua. Wahesabu fedha wanahesabu kwa sauti ili kila mtu asikie, kisha katibu anagonga muhuri kwenye kitabu chake, muhuri mmoja kwa kila hisa. Aliyechelewa analipa faini, na fedha za mfuko wa jamii zinatengwa kando. Wazee wetu walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na wanakikundi hawa wanauishi usemi huo kila wiki.

Kikao kikiisha, sanduku linakwenda kulala nyumbani kwa mtu. Mzunguko unapokaribia kuvunjwa, fedha za mwaka mzima ziko chini ya kitanda kimoja, na kijiji kizima kinajua ni kitanda cha nani. Kufuli tatu hazizuii shoka, wala moto. Mwenye kitanda hicho halali usingizi mpaka siku ya kugawana.

Ndiyo maana nasema pande hizi mbili zinahitajiana. Vikundi vina fedha na uaminifu, lakini havina sefu. Posta ina sefu, jengo na watumishi, inachokosa ni wateja.

Na si jambo geni. Benki ya Posta Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1991, ilizitumia kaunta za Shirika la Posta kuwafikia wateja wa mbali. Mwaka 2019 ilishirikiana na Vodacom kuanzisha M-Koba, huduma ya simu iliyotengenezwa kwa ajili ya vikundi. Mwaka 2021 benki hiyo ikawa Tanzania Commercial Bank (TCB). Jina limebadilika, lakini haja ya mwanakijiji ni ile ile.

Wapo watakaouliza, simu si inatosha? Simu imetusaidia mno, na hakuna anayetaka kurudi nyuma. Lakini wakala wa kijijini huishiwa floti siku ambayo kikundi kizima kinataka kutoa. Makato nayo tunayajua, na hatujasahau tozo ya miamala iliyoanza Julai 2021. Na yupo yule tapeli wa “ile hela itume kwenye namba hii”. Mzee aliyetapeliwa hivyo anahitaji mahali penye mlango, penye mtumishi anayefahamika, na risiti ya kushika mkononi.

India imeonyesha kwamba inawezekana. Mwaka 2018 ilizindua benki ya malipo inayofanya kazi kupitia posta zake, ambazo nyingi ziko vijijini. Mpeleka barua yule yule aliyezoeleka mlangoni akapewa kifaa cha kupokea na kulipa fedha nyumbani kwa mteja.

Basi tuanze na yaliyo ndani ya uwezo wetu. Wanakikundi, kama hamjasajiliwa, sajilini kikundi kupitia halmashauri, kwa kuwa Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inawatambua. Kisha andaeni cheti, katiba, na muhtasari wa kikao unaotaja majina ya watia saini. Nendeni Posta ya wilayani mkaulize inafanya uwakala wa benki ipi. Ulizeni makato ya kuweka na kutoa, na kiasi mnachoweza kutoa kwa siku moja, ili siku ya kugawana msikwame. Sanduku libaki na fedha za kukopeshana. Ziada ikalale benki, ambako amana zina bima kisheria.

Uliye mjini, kifurushi cha nyumbani kitume kwa Posta. Diwani, ulizia kwenye baraza la halmashauri kuna mpango gani wa kuifanya Posta ya wilaya kituo cha huduma za serikali na za fedha pamoja. Nanyi viongozi wa Posta na mabenki, msisubiri kikundi kije na nauli yake. Tumeni mtumishi siku ya gulio, akiwa na mashine, vitabu na usafiri wenye ulinzi.

Ofisi ikishafungwa, kuifungua tena ni kazi kubwa: jengo hupangishwa, watumishi huhamishwa, wateja huzoea njia nyingine. Kuitumia ikiwa bado iko wazi ni rahisi zaidi. Kwa hiyo kikao kijacho, kabla sanduku halijafungwa, mwenyekiti aweke ajenda moja: nani na nani waende Posta wiki hii, na lini watatuletea majibu.