Injili Inayoimbika: Urithi wa Mathias Mnyampala

Mama mpendwa, majira ya kuamia mpunga yakifika, nyumba nyingi za Katindiuka hubaki na bibi na wajukuu. Sisi akina mama tuko mashambani, tunafukuza ndege tangu alfajiri. Jioni tunarudi kibandani tumechoka, koroboi inawaka kidogo tu, na Biblia tumeiacha nyumbani. Hapo ndipo tunapojiuliza: imani ya watoto wetu inalelewa na nani?

Mwezi huu tumkumbuke Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki aliyezaliwa Ugogo, mkoani Dodoma, mwaka 1917. Alifundisha, na baadaye akawa hakimu. Lugha ya kwao ilikuwa Kigogo, kama sisi kwetu ilivyo Kindamba, Kimbunga au Kipogoro. Kiswahili alijifunza, akakipenda, akakitumikia mpaka alipofariki mwaka 1969.

Mwaka 1963 ulichapwa Ndanda Utenzi wake wa Enjili Takatifu. Utenzi ulikuwa umelelewa pwani, na washairi Waislamu waliutumia kusimulia habari za dini yao. Mnyampala aliupokea kwa heshima, akausimulia maisha ya Bwana wetu.

Kwa nini alichagua utenzi? Ubeti wake una mistari minne, kila mstari mizani nane. Mistari mitatu ya kwanza ina kina kimoja, na wa nne hubeba kina kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Kwa hiyo sikio hushika upesi, hata kama jicho halijui kusoma. Mwalimu Nyerere naye alipita njia hiyo: mwaka 1996 tenzi zake za Injili na Matendo ya Mitume zilichapishwa.

Mnyampala ndiye pia aliyetuachia ngonjera, mashairi ya kujibizana. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967 zilienea sana shuleni. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshapumzika. Wangapi kati yetu tulisimama mstarini tukazisema kwa sauti, na hadi leo hatujazisahau?

Mama mmoja jirani yetu hakupata bahati ya kusoma. Zamu yake ya kuongoza sala ya jumuiya ilipokaribia, alikuwa akisingizia kuumwa. Binti yake akaanza kumsomea utenzi, beti tatu kila jioni, huku wakichagua mchele. Siku ya zamu yake mama yule aliimba habari ya kuzaliwa kwa Bwana. Alikosea neno moja tu, binti akamnong'oneza, akaendelea. Tangu siku hiyo hajaumwa tena.

Hatusemi utenzi uchukue nafasi ya Maandiko Matakatifu. Tunasema ni mlango wa kuingilia. Je, kitabu hukukipata? Basi chukua kisa kimoja cha Injili, kaa na mwanao, mtunge ubeti wenu. Yeye aulize, wewe ujibu, kama ngonjera. Vina vikiyumba, msiogope.

Mama mwenzetu, ukienda shamba msimu huu, mwachie mwanao unga, chumvi na ubeti mmoja wa kuimba kabla ya kulala. Nawe uuimbe saa ileile huko uliko. Hapo mtakuwa mmesali pamoja.