Pikapu ya familia haihitaji springi za Fuso

KATIKA nyumba nyingi kuanzia Bunju, Mapinga na Kerege hadi Bagamoyo mjini, pikapu ya zamani ni kama mwanafamilia. Asubuhi inapeleka watoto shule, mchana inaleta saruji kwenye nyumba inayojengwa taratibu, mwisho wa wiki inafuata mananasi Kiwangwa. Ikizeeka haiuzwi. Inafufuliwa kipande kwa kipande.

Kipande kimoja kikubwa ni ekseli ya nyuma. Difu linalia, sili zinavujisha mafuta hadi kwenye breki, na spea zake hazipatikani tena. Baba anakwenda Gerezani au Ilala, ananunua ekseli iliyotumika ya gari jipya kidogo, anaipeleka kwa fundi. Hapo swali linakuja: ifungwe na springi zipi? Mara nyingi jibu ni la haraka: "Mzee, tuongeze pleti mbili, utasahau habari ya springi." Mzee anakubali, kwa sababu springi ngumu inaonekana ndiyo imara.

Kwa gari linalobeba watoto, jibu hilo ni la hatari. Springi za nyuma za pikapu ni pleti ndefu za chuma zilizolala moja juu ya nyingine. Kazi yake si kubeba mzigo tu, bali pia kulibana tairi lisiachane na barabara. Pleti zikizidi, gari tupu halina uzito wa kuzipinda. Likipita kwenye tuta au shimo, tairi la nyuma linaruka, na tairi lililo hewani halishiki breki wala kona. Barabara ikiwa na mvua au mchanga, mkia wa gari unateleza.

Springi laini kupita kiasi nayo ina balaa lake. Mzigo ukipanda, mkia unakaa chini, taa za mbele zinaangalia juu na kumpofusha anayekuja, na usukani unakuwa mwepesi kwa sababu uzito umeikimbia mbele.

Kwa hiyo kabla ya kumuuliza fundi, baba na mama wanapaswa kukaa na karatasi. Gari linabeba nini siku nyingi za wiki? Hesabu si ngumu. Mfuko wa saruji ni kilo 50, hivyo mifuko 20 ni tani moja. Madumu 20 ya maji ya lita 20 ni kilo 400. Tenki la lita 1,000 likijaa ni tani moja, kabla ya uzito wa tenki lenyewe. Mara nyingi mama anayefanya biashara ndiye anayeujua mzigo huo vizuri kuliko dereva.

Kama siku tano kati ya saba gari linabeba watoto na kilo 300 za bidhaa, springi zichaguliwe kwa kazi hiyo. Tani moja ya saruji inayokuja mara mbili kwa mwaka ikodiwe Canter. Kama mizigo mizito haiepukiki, ipo njia ya kati: seti yenye pleti nene ya chini, iliyonyooka kidogo, ambayo haigusani na zile za juu mpaka mzigo uingie. Gari tupu linatembea kwa ulaini, likishiba linapata msaada. Lakini pleti za ziada haziongezi nguvu ya fremu, breki wala tairi. Kikomo cha mzigo wa gari kinabaki palepale.

Baada ya uzito, vipimo. Springi nyingi za Hilux zina upana wa milimita 60, za Land Cruiser milimita 70. Hivyo vikalio vya springi kwenye ekseli iliyonunuliwa huenda visioane na springi za gari, au vikawa karibukaribu mno au mbalimbali mno. Mara nyingi hukatwa na kuchomelewa upya. Hapo fundi mzuri haharakishi: anashikiza kidogo kwanza, anashusha gari likalie matairi yake, anapima pembe ya difu, ndipo anachomelea moja kwa moja. Pembe ikikosewa, propela inatetemeka na krosi zinakufa mapema.

Pleti yenyewe haichomelewi kamwe. Moto unaua ugumu wa chuma chake, na itavunjika ikiwa safarini. Springi zibadilishwe pande zote mbili kwa pamoja, na boliti za U zinazobana ekseli ziwe mpya. Baada ya kilomita mia chache, gari lirudi gereji zikazwe tena.

Jambo jingine husahaulika: baadhi ya pikapu zina vali ya breki iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo. Vali hiyo hutambua mzigo kwa jinsi springi zinavyoshuka. Zikifungwa springi ngumu, gari likiwa limejaa vali hudhani ni tupu na kupunguza breki za nyuma. Fimbo hiyo irekebishwe, isiachwe ikining'inia.

Kwa wanaoishi karibu na bahari, kama Mbegani na Mlingotini, hewa ya chumvi huingiza kutu katikati ya pleti. Kuziosha kwa maji baridi na kuzikagua nyufa kila mwezi ni kazi ambayo mtoto mkubwa anaweza kuifanya na baba yake.

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Anayeongeza pleti hatapanda nyuma. Na mtoto anayepandishwa nyuma hana kiti wala mkanda, hata springi ziwe nzuri namna gani. Nafasi ya mbele ikijaa, afadhali gari liende safari mbili.